Muulize Anko Spoti: Kuna Mashetani Wekundu wengine, wako Mexico na wanacheza na gongo

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba Diablos Rojos del México wamebeba ubingwa wa besiboli wa Mexico wa 2025, nikaendelea na mambo mengine, kumbe nimewasha moto. Meseji zimekuja nyingi kuliko hata zile za usajili wa Ulaya. Na mimi huu mchezo naupenda toka zamani ila sikuwahi kupata wa kuongea naye, kwa hiyo leo mtanivumilia, ukurasa wote ni wa hawa jamaa. Salamu na sifa mnazonipa nimezipunguza (asanteni sana), maswali nimeyaacha kama yalivyokuja.

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi na mdogo wangu tumebishana mpaka mama akaingilia. Yeye anasema hao Diablos Rojos ni tawi la Man United kule Mexico ndo maana wanaitwa Mashetani Wekundu, mi nasema ni ile timu ya mpira ya Toluca. Nani yuko sahihi? (Kaka Mtu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote mmekosa, ila wewe umekosa kidogo. Toluca ni kweli wanaitwa Diablos Rojos, hujatunga, lakini hao ni watu wa soka na wana mji wao wa Toluca, jirani na jiji kuu kwa upande wa magharibi. Hawa tunaowaongelea ni wa besiboli, wako Mexico City penyewe, na hawana undugu na Toluca wala na Man United, wanafanana rangi na pembe tu. Na mwambie mdogo wako kwamba Man United walianza kujiita Mashetani Wekundu enzi za Matt Busby, miaka ya 1960 hiyo, wakati wa Mexico walikuwa washazoea hilo jina toka miaka ya 1940, kwa hiyo kama kuna tawi hapo basi tusikie nani tawi la mwenzake.

Klabu ilizaliwa ikiitwa Rojos, yaani Wekundu, basi. Mambo ya mashetani yalikuja baadaye kidogo, na inavyosimuliwa ni kwamba kuna mechi waliachwa mbali mno na timu ya Monterrey, watu washaanza kukata tamaa, halafu wakafufuka wakageuza matokeo, mtu akaropoka kwamba hawa wanacheza kama mashetani. Likaganda hapo hapo. Mashabiki wao wanawaita pia pingos, ambalo nalo ni neno la shetani ila la utani, lile unalomwambia mtoto mtundu asiyetulia.

Na hiyo "del México" isikuchanganye, si timu ya taifa. Wenyeji wakisema México mara nyingi wanamaanisha jiji lao, sio nchi.

SWALI: Anko, nani alianzisha hiyo timu na lini? Nina kazi ya chuo, jibu fupi tafadhali. (Mwanachuo wa Dakika za Mwisho)

JIBU: 1940, Salvador Castro na Ernesto Carmona. Haya, jibu fupi ndo hilo, kimbia ukakusanye kazi.

Kwa wengine mliobaki, huyo Carmona si mtu wa mchezo mchezo. 1925 yeye pamoja na mwandishi wa habari Alejandro Aguilar Reyes, ambaye kwenye gazeti alikuwa anajiita Fray Nano, ndio walioanzisha Ligi ya Mexico yenyewe. Yaani mtu kaunda ligi kwanza, miaka 15 baadaye akaunda timu. Hilo jina la Fray Nano liwekeni akilini, litarudi huko mbele.

Timu ilipoingia, ligi ilikuwa inaelekea kwenye miaka yake ya kichaa. Kulikuwa na tajiri mmoja, Jorge Pasquel, mwenye timu ya Azules de Veracruz, ambayo pamoja na jina lake la Veracruz ilikuwa inachezea hapo hapo jijini. 1946 huyu bwana akaamua kuwa kama Wamarekani ndio wenye wachezaji bora basi atawanunua, akaanza kumwaga hela. Mickey Owen akaja, Sal Maglie akaja, Max Lanier akaja, Danny Gardella akaja. Ligi kuu ya Marekani ikapandisha hasira ikatangaza kwamba kila aliyeruka mpaka amefungiwa miaka mitano. Hata Babe Ruth, gwiji wa besiboli wa Marekani, mzee, kishastaafu, anaumwa, Pasquel alimwalika mwaka huo huo aje apige mipira kidogo watu wamuone. Hela hazikudumu maana uwanja hauwezi kulipa mishahara ya namna ile, wachezaji wakaanza kurudi, na kufikia 1949 adhabu ikafutwa. Pasquel alikufa kwa ajali ya ndege 1955.

Diablos kwenye hilo vumbi lote walikuwa wapo wapo tu. Hawakuwa wakubwa bado. Ubingwa wao wa kwanza ulikuja 1956, miaka 16 baada ya kuzaliwa, kwa hiyo nyie mnaolia timu yenu haijachukua kombe misimu minne mnisamehe.

SWALI: Anko mi ni mgeni kabisa, besiboli naiona kwenye muvi tu. Nielekeze kwa dakika moja halafu uniambie kwa nini wanasema Mexico City mpira unaruka sana. (Dada wa Rimoti)

JIBU: Dakika moja haya. Mrushaji anarusha, mpigaji ana gongo. Akiupiga anakimbia kuzunguka beisi nne, akifika nyumbani pale alipoanzia timu imepata rani moja. Akiukosa mara tatu katoka. Wakitoka watu watatu mnabadilishana, nyie mnaenda kudaka wao wanakuja kupiga, mkishafanya hivyo mara tisa, tisa hizo ndio inningi, mechi imeisha, isipokuwa mkiwa sare ndo mnaendelea. Homurani ni pale umeupiga mpaka ukavuka ukuta wa nje, hapo hukimbii tena, unatembea kama bwana harusi.

Sasa Mexico City iko juu, mita 2,240 hivi toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira ukisharuka hakuna kitu kizito cha kuushika. Afu kuna jambo watu hawalisemi sana: hewa nyepesi inamuumiza mrushaji pia, kwa sababu ule mpira wake wa kupinda unapinda kwa kushikwa na hewa, hewa ikiwa haba unakuja umenyooka, mpigaji anacheka. Ligi kuu ya Marekani ilipopeleka mechi zake pale Aprili 2023, San Diego Padres na San Francisco Giants, siku ya kwanza tu ziliruka homurani 11 na matokeo yakawa 16 kwa 11. Warushaji wa Diablos wanaishi na hali hiyo msimu mzima, ndo maana mimi huwa nawaheshimu kuliko takwimu zao zinavyosema.

SWALI: Habari Anko. Shemeji yangu alienda Mexico City akasema alimuuliza dereva ampeleke uwanja wa zamani wa Diablos, dereva akamshusha kwenye maduka makubwa ya kununua nguo. Alitapeliwa? (Shemeji Mtu)

JIBU: Nzuri shem. Hakutapeliwa hata kidogo, dereva alikuwa mkweli, na hili swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri, maana ukitaka kuijua hii klabu usianze na makombe, anza na mahali walipokuwa wanalala. Kwa karibu miaka 80 Diablos walikuwa wapangaji, wanacheza kwenye viwanja vya wengine, wanafukuzwa, wanahama, mashabiki wanawafuata na mito yao ya kukalia.

Pale penye maduka, kwenye kona ya barabara ya Cuauhtémoc na Viaducto, kulikuwa na uwanja wa mbao unaitwa Parque Delta. Hapo ndipo besiboli ya jiji ilipolelewa. Mbao zikachoka, zikavunjwa, na Machi 1955 ukafunguliwa uwanja mpya wa zege pale pale, ukaitwa Parque del Seguro Social kwa sababu wenye nao walikuwa ni taasisi ya serikali ya hifadhi ya jamii. Yaani fikiria unaenda kushangilia Mashetani kwenye Uwanja wa Mafao ya Wastaafu. Lakini watu waliupenda ule uwanja jamani, uliingia kama watu 25,000, ulikuwa katikati ya makazi, mtu anatoka kazini anapitia inningi tatu nne kisha anaenda nyumbani kula.

Halafu ikaja 1985. Diablos walikuwa mabingwa msimu huo. Tarehe 19 Septemba, saa 1 na dakika 19 asubuhi, tetemeko likapiga jiji, majengo ya ghorofa yakalala chini, na mtaa wa Roma, ambao uko jirani na ule uwanja, ni kati ya mitaa iliyoumia sana. Vyumba vya maiti vikajaa siku ya kwanza. Wakafungua geti za Parque del Seguro Social, wakaanza kuleta miili pale, wakaipanga kwenye nyasi, wakaleta barafu, na familia zikawa zinapita mstari kwa mstari zikitafuta watu wao. Palepale ambapo wiki chache nyuma walikuwa wanarukaruka. Naandika hapa na sijui niiseme vipi zaidi ya hivyo.

Msimu uliofuata besiboli ikarudi kwenye uwanja ule ule. Wengine wanashangaa iliwezekanaje. Mi nadhani jiji zima lilikuwa linaishi hivyo wakati ule, watu walirudi kulala kwenye majengo yenye nyufa, kwa nini uwanja usirudi.

Ulifungwa Juni 2000, mechi za mwisho zikiwa Diablos na Tigres, ukavunjwa, na 2005 yakafunguliwa hayo maduka ya shemeji yako. Wameyaita Parque Delta. Jina la ule uwanja wa mbao limerudi kwenye kibao cha duka, ule wa zege haukuachiwa hata jina, na hilo huwa linanikera mpaka leo.

Baada ya hapo wakahamia Foro Sol, ambao ukiwauliza wanamuziki watakwambia ni ukumbi wa matamasha na ukiwauliza Diablos watakwambia ni uwanja wa besiboli, na wote wana haki. Uko ndani ya eneo la mbio za magari la Hermanos Rodríguez. Ulikuwa mkubwa mno kwa mechi ya kawaida ya Jumanne, watu elfu nne wanaonekana kama wamepotea njia. Wakakaa hapo mpaka 2014, wakachukua ubingwa mwaka huo huo, na shukrani waliyopata ni kutolewa vitu nje, kwa sababu mbio za Formula 1 zilikuwa zinarudi Mexico 2015 na barabara mpya ya magari ilichorwa ipite katikati ya uwanja, mbele ya majukwaa. Ukiangalia mbio za Mexico ukaona magari yanaingia sehemu kama bakuli lenye watu pande zote, basi pale mabingwa walikuwa wanacheza besiboli.

Bingwa mtetezi akaenda kuchezea wapi? Kwenye kiwanja kidogo cha watu kama elfu tano, Fray Nano. Ndio yule yule mwandishi wa 1925 niliyekwambia. Misimu minne wakakaa pale, 2015 hadi 2018, wakisubiri nyumba yao ijengwe.

Na nyumba ikajengwa kweli. Machi 23, 2019 wakafungua Estadio Alfredo Harp Helú kule Magdalena Mixhuca, watu 20,000 hivi, mbunifu wake ni Francisco González Pulido, paa jeupe limechongoka kama mkuki wa shetani, na kuta zake za chini zimelala upande kama piramidi za wazee wa zamani wa Mexico. Siku ya ufunguzi walicheza na Padres. Rais wa wakati huo, Andrés Manuel López Obrador, ambaye besiboli ni ugonjwa wake kabisa, alikuja kufungua akazomewa na jukwaa. Wakati mwingine unaenda harusini kwa furaha zako watu wanakukumbusha madeni.

SWALI: Anko Tigres ndio watani wao wa jadi? Mbona wako Cancún, mbali huko? (Mzee wa Dabi)

JIBU: Ni watani ndio, na utani wao una jina kabisa, La Guerra Civil, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Tigres walianzishwa 1955 na mwenye viwanda Alejo Peralta, na kwa makusudi ya kukera wakabeba ubingwa msimu wao wa kwanza kabisa. Diablos wako pale toka 1940 hawana kombe hata moja, mgeni anafika jana leo ana kombe! Afu wote wanachezea uwanja mmoja, Parque del Seguro Social, leo mwenyeji huyu kesho yule, kwenye jiji moja. Ndoa ya mitala hiyo.

Kilele chake kilikuwa mwishoni mwa miaka ya 90 na kuingia 2000. Tigres wakachukua 1997, Diablos wakachukua 1999, Tigres 2000, Tigres tena 2001. Baada ya hapo, wakiwa mabingwa, Tigres wakahama jiji. 2002 wakaenda Puebla, 2007 wakaenda Cancún wakawa Tigres de Quintana Roo, na baadaye wakanunuliwa na marehemu Fernando Valenzuela, yule mrushaji wa Dodgers aliyefariki Oktoba 2024. Diablos wakachukua 2002 na 2003, wakaachwa na jiji lao peke yao.

Wengi husema walishinda vita. Mimi naona walipoteza kitu. Mechi bado zinaitwa Guerra Civil mpaka leo ila vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo mmoja anakuja kwa ndege toka pwani ni shughuli nyingine hiyo, zamani shabiki wa Tigres alikuwa anafanya kazi dawati la pili na wewe.

SWALI: Ni kweli mwenye timu aliwahi kutekwa? Au ni stori za mtandaoni? (Mpenda Ukweli)

JIBU: Ni kweli. Alfredo Harp Helú, mtu wa benki, mmoja wa wakubwa wa Banamex, na ni binamu yake Carlos Slim, yule tajiri wa simu. Machi 1994 alitekwa, akashikiliwa siku 106, akaachiwa mwishoni mwa Juni baada ya familia kulipa, na taarifa za wakati ule zilitaja dola milioni 30. Mwaka huo huo wa 1994 ndio alioinunua Diablos, na mwaka huo huo timu ikawa bingwa. Mtu angeandika hivyo kwenye tamthilia tungesema kazidisha chumvi.

2001 Banamex ikauzwa kwa Citigroup kwa dola bilioni 12.5, kwa hiyo hela ya kujengea uwanja haikuwa shida tena. Ana pia Guerreros de Oaxaca toka 1996, na ana hisa kidogo San Diego Padres, ndio maana Padres walikuja siku ya ufunguzi, haikuwa bahati nasibu. Tajiri mmoja kuwa na timu mbili kwenye ligi moja mimi sikipendi, niseme wazi, hata kama mwenyewe ni mkarimu na mapenzi yake kwa mchezo hayana mjadala.

SWALI: Anko taja makombe yote, halafu sema ukweli, hawa wakikutana na timu za Marekani si watapigwa kama ngoma? (Bishoo wa Takwimu)

JIBU: Makombe ni 18, hakuna anayewafikia: 1956, 1964, 1968, 1973, 1974, 1976, 1981, 1985, 1987, 1988, 1994, 1999, 2002, 2003, 2008, 2014, 2024 na 2025. Hilo la kwanza lililetwa na kocha Mcuba, Lázaro Salazar, ambaye mwaka uliofuata alianguka katikati ya mechi akiwa kazini akafariki. Mkiona pengo la 2014 mpaka 2024 ni miaka ile ya kuhama na ya kuzoea nyumba mpya, miaka kumi ya kutaniwa.

Kuhusu Marekani, sikiliza. Yankees, timu kubwa ya New York, walikuja Mexico City 1968 wakiwa na nyota wao Mickey Mantle, Diablos wakashinda. Yankees hawakurudi tena mpaka Machi 2024, wakacheza mechi mbili, Diablos wakashinda zote mbili. Najua najua, ni mechi za kirafiki, wakubwa wengine hawakusafiri, na kwa mfululizo wa mechi mia Yankees wangewamaliza. Ila rekodi ni rekodi, mwenye kubisha akalete nyingine.

Kwa madaraja, ligi ya Mexico iliingizwa kwenye mfumo wa ligi ndogo za Marekani 1955 na toka 1967 mpaka 2020 ikahesabiwa daraja la juu kabisa la hizo ndogo, la AAA, tofauti yake ni kwamba timu za Mexico zilibaki na wachezaji wao wenyewe, si mashamba ya kulelea ya timu za Marekani. Kwa hiyo Diablos wanalea na kuuza. Roberto Osuna alirushia pale 2011 akiwa na miaka 16 tu kabla ya Toronto kumchukua. Na kwa miaka mingi klabu zilikuwa zinabeba kipande kikubwa cha ile hela ya usajili ya kijana, Wamarekani wakanuna, 2018 wakasimamisha kabisa kusajili toka Mexico, wakapatana mwaka uliofuata. Kijana mwenyewe ndiye anayetoa jasho, wanaogombana ni wazee wenye suti.

Na njia inakwenda pande zote mbili. 2024 walimleta Robinson Canó, miaka 41, wenzake wameshastaafu, akapiga wastani wa .431, yaani kwa kila mara 1,000 za kupiga anafanikiwa 431, akawa mfalme wa kupiga wa ligi. Wakamleta na mrushaji Trevor Bauer, ambaye hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyokuwa inamchukua, akashinda 10 bila kupoteza, na mechi moja akawatoa watu 19 kwa kuwakosesha, rekodi ya ligi. Aliowafanyia hivyo ni Oaxaca, ile timu nyingine ya tajiri yule yule. Mimi nacheka tu.

Kwa upande wa wenyeji msimsahau Nelson Barrera, kipenzi cha Diablos kwa miaka mingi, aliyemaliza na homurani 455 na kumpita Héctor Espino, aliyekuwa anashikilia rekodi ya ligi kwa 453. Hizo mbili za ziada alizisotea mpaka uzeeni.

SWALI: Anko, kwenye picha za zamani za hiyo ligi naona wachezaji weusi wengi kabla hata Jackie Robinson hajaruhusiwa kucheza Marekani. Walifikaje huko? Na Diablos walikuwa nao? (Msomaji wa Siku Zote)

JIBU: Nimekuweka mwisho makusudi. Walifika kwa sababu Mexico walilipwa vizuri na waliruhusiwa kuingia mlango wa mbele, basi. Marekani mpaka 1947 mtu mweusi hakuwa anakubaliwa kwenye ligi kuu, anacheza ligi za weusi, analala kwenye basi kwa sababu hoteli haimtaki. Ukivuka mpaka kwenda kusini, hoteli ile ile na mzungu, mgahawa ule ule. Josh Gibson alikuja Veracruz akapiga homurani 33 msimu wa 1941. Cool Papa Bell alikuja, Ray Dandridge akaja, Monte Irvin akaja. Willie Wells alikuwa anadaka kila kitu pale katikati mpaka wakampa jina El Diablo, na cha kuchekesha alipewa akiwa timu nyingine.

Wa Diablos mwenyewe anaitwa Burnis Wright, Wild Bill. Jitu refu lenye mbio ambazo mtu wa mwili ule hapaswi kuwa nazo, katokea Elite Giants ya Baltimore, timu ya zile ligi za weusi. 1943, akiwa na jezi nyekundu ya México, aliongoza ligi nzima kwa vitu vitatu kwa mpigo: wastani wa kupiga .366, homurani 13, na rani 70 zilizoingia kwa gongo lake. Hivyo vitatu mtu mmoja kuvipata msimu mmoja ni nadra mno kokote besiboli inakochezwa.

Robinson alipofungua mlango 1947, Wright alikuwa anaingia miaka 33. Wenzake wengine walirudi kujaribu bahati. Yeye akabaki. Akaendelea kucheza Mexico mpaka miaka ya 1950, akahamia Aguascalientes, akafungua mgahawa wake, akaishi hapo na kufia hapo hapo, 1996.